Dereva Haonji

Mwaka wa kumi na moja huu naendesha wageni kwenda kwenye mashamba ya mizabibu, na sijawahi kumeza hata tone la mvinyo. Dereva haonji. Ndiyo sheria, na siilalamikii. Lakini hakuna aliyenikataza kunusa! Kila kundi likimaliza, Profesa, kiongozi wetu wa safari, huniletea mabaki ya glasi garini. "Nusa hii, dada. Unapata nini?" Nami namtajia: pilipili manga, ganda la chungwa, kiatu kipya cha ngozi. Tunabishana hadi tunacheka.

Sasa asubuhi hiyo Profesa kapanda gari na skafu shingoni, macho mekundu, mafua yamemkaba. Akafungua mdomo, ikatoka hewa tu.

"Usinitanie," nikamwambia. "Leo? Leo hii?"

Maana siku hiyo Mama Mapipa, mwenye shamba kubwa kuliko yote bondeni, alikuwa anatupima. Akiridhika, safari zake zote za makundi madogo msimu huu ni zetu. Asiporidhika, tunarudi uwanja wa ndege kubeba masanduku ya watu. Profesa akachukua kalamu, akaandika nyuma ya tiketi: Ongoza wewe.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Wageni walikuwa sita: mwalimu mkuu mstaafu na mkewe, maharusi walioshikana mikono tangu mlangoni, na manesi wawili ambao, kwa maneno yao wenyewe, kazini waliaga kwamba wanaumwa. Nikashika kipaza sauti kijasho chembamba kikinitoka. Dakika kumi za kwanza nilisema "karibuni" kama mara ishirini. Kisha tukafika kwenye mizabibu yenyewe, na ulimi ukafunguka.

"Mnayaona yale mawaridi mwanzo wa kila mstari? Si urembo. Ugonjwa wa ukungu ukija huyashika yenyewe kwanza, mkulima akajua mapema."

"Kumbe ni walinzi!" bibi harusi akapiga kelele, na gari zima likageukia madirishani. Jamani, raha niliyoisikia! Miaka yote hiyo nilikuwa naongea na usukani.

Mama Mapipa alitupokea chini ya ngazi za mawe, kwenye ghala la baridi lililojaa mapipa. Mwanamke mfupi, rundo la funguo kiunoni, hana tabasamu la bure. Chupa ya kwanza ikapita vizuri, ya pili vizuri zaidi. Ya tatu akaishika kwa mikono miwili.

"Hii aliitengeneza marehemu mume wangu," akasema, akamimina.

Mwalimu mkuu hakungoja. "Aa! Hii ndiyo yenyewe! Nasikia matunda!"

Wote wakaitikia, matunda, matunda. Nami nikainua glasi nikanusa, moyo ukanilipuka. Boksi lililolowa mvua. Tambara la deki lililosahauliwa ndooni. Kizibo kibovu kilikuwa kimeiharibu chupa nzima.

Nikamtazama Profesa. Pua yake imeziba, akainua mabega tu. Nikinyamaza, kila mtu anafurahi na kazi tunaipata. Nikisema, namtukania mjane huyu marehemu wake mbele ya wageni. Nikapiga moyo konde.

"Mama, nisamehe. Chupa hii imeharibika."

Mwalimu mkuu akashusha glasi. "Dereva anajua nini?"

"Dereva ana pua, mwalimu!" Likanitoka kabla sijalishika.

Mama Mapipa akanusa glasi yake. Akanusa tena, polepole, macho kafumba. Halafu akaimwaga ndooni.

"Mwageni wote," akasema. "Ungenyamaza, hawa wangerudi kwao wakidhani tambara hili ndilo mvinyo wa mume wangu."

Akaleta chupa nyingine ya mwaka uleule, akaifungua, akanusa kizibo, kisha akanisogezea glasi ya kwanza. "Wewe kwanza."

"Asante mama, lakini funguo za gari ninazo mimi. Dereva haonji."

Mkono ukaja mbele yangu, kiganja wazi. Profesa. Alikuwa kwenye dawa, hakuwa ameonja chochote tangu asubuhi, na leseni anayo. Akapiga vidole: lete. Nikampa funguo. Manesi wakapiga makofi.

Nikanywa. Zambarau, na moshi kwa mbali, vilevile pua ilivyokuwa imeniambia. Ila haikuwahi kuniambia kwamba kifua hupata joto hivi. Machozi yakanitoka palepale mbele ya watu, nami nacheka, na mwalimu mkuu ndiye aliyenipa leso.

Mama Mapipa akaniongezea glasi, akamgeukia Profesa.

"Msimu unaanza Jumatatu," akamwambia. "Tafuteni dereva."