Foleni ya Kandambili

Iliamriwa, na aliyeamuru hajulikani mpaka leo, kwamba katika hospitali ile wajawazito wasipange foleni kwa miili yao bali kwa viatu vyao. Mabenchi yalikuwa machache na matumbo mengi. Kwa hiyo kila mama alifika alfajiri, akavua kandambili zake, akazipanga barazani nyuma ya kandambili za mwenzake, kisha akaenda kukaa ukutani, miguu mitupu, kusubiri viatu vyake vifike kwa nesi. Mheshimiwa mlinzi, ambaye akina mama walimwita Jenerali kwa sababu ya kirungu chake, alilikagua gwaride hilo la plastiki kwa uso wa mtu anayelinda benki.

Upande wa pili wa jengo kulikuwa na mlango wa kioo. Huko ndiko upande wa kulipia, na huko watu walikaa na viatu vyao miguuni, kama binadamu.

Cherehani alifika jua halijachomoza, kashikwa mkono na wifi yake. Aliitwa hivyo kwa kuwa alishona sare za shule kiwandani, na mdomo wake ulikwenda kasi kuliko sindano. Siku hiyo mdomo ulikuwa umepoa. Kichwa kilimgonga tangu juzi, macho yalimwonyesha vimulimuli mchana kweupe, na miguu ilikuwa imevimba hata kandambili zake zikamkataa. Alikuwa amevaa makubazi ya mumewe.

"Wifi, hii si miguu," alisema wifi yake. "Hii ni mito miwili imetoroka kitandani."

"Usinichekeshe, nitazaa hapa hapa."

"Zaa tu. Shangazi mtu nipo, nitamdaka."

Mtoto alirusha teke. Cherehani aliweka kiganja ubavuni akalipokea. Hilo tu ndilo alilolitaka asubuhi ile: aliye ndani aendelee kurusha mateke mpaka mtu mwenye ujuzi amwone.

Waliyapanga makubazi nyuma ya kandambili za kijani, wakaenda kukaa. Jenerali alipoyafikia, alisimama. Akayainua kwa ncha ya kirungu kama mtu aliyeokota panya.

"Ya nani haya? Tangu lini wanaume wanazaa hapa?" Akayatupa kwenye maua.

Ukutani wanawake walicheka. Hata Cherehani alicheka, mpaka alipoona kandambili za nyuma zimesogezwa kuziba pengo.

"Baba, ni yangu hayo!" akaita. "Miguu imevimba, sina vingine vinavyoingia."

"Utaratibu ni utaratibu. Kuna wanaume walikuwa wanawapangia foleni wake zao, wenyewe bado wamelala nyumbani. Kiatu cha kiume kinakwenda mwisho."

"Na mguu wa kike uliovimba unakwenda wapi?" wifi akafoka. "Mtu huyu hapa mbele yako, mzima na tumbo lake, wewe unahojiana na ngozi ya ng'ombe!"

"Mama, usinifundishe kazi."

Mmoja akasema mpisheni jamani, anaumwa. Mwingine akasema hapa kila mtu kaja na tumbo lake. Makubazi yakaokotwa kwenye maua, yakaenda mwisho, nyuma ya waliofika jua limeshapanda. Bango la ukutani lilisema kwa herufi kubwa kwamba mjamzito akivimba miguu na kuumwa kichwa, hiyo ni hatari, awahi kwa mtaalamu. Lilining'inia juu ya kofia ya Jenerali. Lilikuwa na picha nzuri sana.

Jua lilikuwa limepita utosini Cherehani alipoingia kwa nesi. Nesi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mmoja. Aliitazama miguu, akautazama uso, kalamu ikamwanguka.

"Tangu lini hivi?"

"Tangu juzi, dada."

"Na leo ulikuwa wapi muda wote huu?"

"Hapo nje kwako."

Nesi alitoka mbio kufuata mashine ya kupima presha. Iliyokuwa nzima ni moja, na makao yake yalikuwa nyuma ya mlango wa kioo. Alirudi mikono mitupu. Mke wa tajiri fulani alikuwa akipimwa kwa mara ya tatu, maana namba za kwanza hazikumpendeza.

"Wamesema ningoje," alisema nesi kwa hasira.

Hilo ndilo neno la mwisho alilolisikia Cherehani siku hiyo. Macho yalimgeuka, mwili ukakakamaa, akaanguka sakafuni akitikisika. Wifi yake alipiga yowe lililowatoa hata waliokuwa wamejifungia wakinywa chai. Sasa mlango wa kioo ulifunguka. Sasa mashine ilipatikana, na kitanda cha magurudumu, na daktari wa upasuaji, na kila kitu ambacho tangu asubuhi hakikuwepo.

Alipozinduka kesho yake, tumbo lilikuwa limelala. Wifi yake alikuwa kainamia ukingo wa kitanda, hana utani hata mmoja.

"Wa kike," alisema. "Alilia kidogo, wifi. Nilimsikia. Kidogo tu."

Cherehani aliweka kiganja ubavuni.

Daktari mkuu alipita na wanafunzi wake. Alisimama miguuni pa kitanda, akainamisha kichwa kwa kiasi kinachostahili.

"Pole sana, mama. Tatizo lenu ni hilo moja, mnachelewa kufika. Ungewahi, tungemwokoa." Akageukia kitanda cha pili.

"Daktari." Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi, lakini uzi wa kushonea sare. "Hebu rudia."

"Nirudie nini, mama?"

"Nilichelewa kufika wapi?"

"Mama, pumzika kwanza."

"Nimepumzika barazani kwenu tangu alfajiri mpaka mchana. Mwanangu alikuwa hai. Alikuwa ananipiga mateke."

"Mimi nilimkuta," alisema mama wa kitanda cha dirishani, kichanga chake kifuani. "Nilipofika alikuwa ameshakaa."

"Hata mimi," akasema mwingine.

Wanafunzi waliitazama dari. Daktari alikohoa, akatafuta mahali pa kuweka mikono yake, asipate.

"Sema nilifika," alisema Cherehani.

"Ulifika," alisema daktari, polepole, kama anayeongea na shati lake.

"Kwa sauti. Shangazi yake hajasikia."