Asilimia Tisini na Tisa

Mzee Ondiek wa Mamboleo alikuwa na sanduku jeusi chini ya televisheni, na ndani yake mlikuwa na nyumba nzima: picha, hati za shamba, filamu za harusi na za mazishi. Seva hiyo aliiweka mwanawe Robinson, fundi wa kompyuta, kabla figo hazijamuua. Aliiunganisha na akili unde kwenye simu ya mzee, ili baba asisumbuke na vitufe. Aulize tu kwa mdomo, ajibiwe kwa Kiswahili. Mzee aliipa jina Karani, na tangu siku hiyo hakuna aliyepumua humo ndani bila yeye kujua.

"Karani, kazi gani zinaendelea?" aliuliza kila asubuhi kabla ya chai.

"Moja. Filamu ya Robinson inachezwa kwenye simu ya Nekoye."

"Zima."

Chumbani kwa Nekoye, mjane wa Robinson, sauti ilikatika katikati ya neno, na Debra, mtoto wa miaka mitatu, akauliza baba amekwenda wapi. Mzee alilisikia swali hilo kupitia ukutani, akaongeza sukari.

Usidhani hakumpenda mwanawe. Alimpenda, na ndiyo maana filamu hiyo ya dakika kumi na moja, ambayo Robinson alijirekodi wiki yake ya mwisho, hakuwahi kuiona. Mara mbili alijaribu. Robinson alikohoa tu, kabla hajasema neno, na mzee akaizima. Lakini juu yake paliandikwa "Kwa Baba", basi ilikuwa yake. Nekoye, binti wa Kimilili, alikuwa amekataa kurithiwa na shemeji yake Oketch. Aliyekataa boma, mzee alisema, habebi hata majivu ya jikoni.

Siku ya Nekoye kurudi kwao, boda boda ikimngoja langoni, Karani aliulizwa kama kawaida.

"Filamu ya Robinson inahamishiwa kwenye flashi ya Nekoye. Ikikamilika haitabaki hapa. Imefika asilimia ishirini. Nisimamishe?"

Mzee alitabasamu. "Ngoja kwanza. Nihesabie."

Akamwita Nekoye sebuleni, akamketisha na mtoto mapajani, simu mezani kati yao. Flashi ilikuwa kuukuu, kazi ikaenda polepole.

"Baba, niachie niende nayo," Nekoye alisema. "Robinson alisema ukimaliza kuisikiza ndiyo nichukue. Nimengoja miaka mbili. Kama hutaki kusikiza, hii kitu haifai kubaki hapa. Ni vizuri kwako."

"Unanitisha kwa nyumba yangu?"

"Hapana, Baba. Pale mwisho anaongea na Debra. Ni hapo tu tunasikizanga."

"Asilimia sabini," alisema Karani.

Ilipofika tisini, Nekoye alianza kutumaini. Ilionekana usoni mwake, na mzee aliiona, akaliacha tumaini likue.

"Asilimia tisini na tisa."

"Zima. Futa kilichoingia kwa flashi. Na huyu umfungie, asiingie tena."

"Kazi imesimamishwa. Flashi haina kitu. Nekoye ameondolewa."

Debra aliuliza kama baba ameshaingia. Nekoye alichomoa flashi, akaibeba hivyo hivyo tupu, na Dorca, mke wa mzee, akamsindikiza hadi langoni akilia.

Jumapili wazee wa kanisa walikuja kuomba na familia, maana ilitimia miaka miwili tangu mazishi. Ushindi humpa mtu kiburi. Mzee aliona safari hii, mbele ya watu, angekivumilia kile kikohozi.

"Mwanangu aliniachia maneno," aliwaambia. "Mjane wake alitaka kuyaiba. Karani, cheza kwa televisheni, sauti juu."

Robinson alitokea, uso umemvimba. Akakohoa.

"Baba, hii uisikize ukiwa peke yako. Ukimaliza, mpe Nekoye aende nayo mbali, mama asije akaipata. Daktari aliniambia ukweli. Vipimo vililingana. Figo yako ilinifaa, Baba. Ni wewe ulikataa."

Hakuna aliyegusa kikombe. Kwa miaka miwili mzee alikuwa amemwambia mkewe na kanisa zima kwamba vipimo havikulingana, akairudia hadithi hiyo hadi yeye mwenyewe akaanza kuiamini. Wazee hawa hawa ndio waliokuwa wakimwombea faraja. Sasa walikuwa wakitazama sakafu, na aibu ikamchoma mpaka masikioni.

Alifungua mdomo aseme lile neno alilolizoea, sauti haikutoka. Mkono wake ukapapasa mezani kutafuta simu. Simu haikuwapo. Dorca alikuwa ameichukua, ameishika kwa mikono miwili, macho kwenye televisheni.

"Wacha mtoto wangu amalize," alisema, akaongeza sauti.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi.