Tembe la Yasinta Kwenye Taarifa ya Habari

Picha ilizunguka dunia kabla Yasinta hajamaliza kung'oa nguzo. Ilimwonyesha amekaa chini mbele ya tembe lililobomoka, mkono shavuni, huku mtangazaji wa ng'ambo akisikitika kwamba mama huyu wa Manyoni amevunjiwa nyumba na reli inayojengwa na taifa la kigeni. Huruma ya bure kabisa! Tembe alilibomoa mwenyewe, kama wafanyavyo watu wa huku wanapohama: nguzo za mninga hazitupwi, zinakwenda kusimamisha nyumba mpya. Pale alikuwa anapumzika tu, na aliyempiga picha hakumuuliza neno.

Meneja wa kambi ya reli alipoiona taarifa ile, alidhani Yasinta amewachongea, akamfungia jiko. Jiko hilo, la ugali na mlenda kwa mafundi, ndilo lililokuwa linajenga nyumba mpya. Siku hiyo Yasinta alilia kweli, na kamera haikuwepo.

Haukupita muda, televisheni ya taifa linalojenga ikatuma watu wake. Mkalimani wao, Benson wa Utemini, alimwamkia kwa adabu.

"Shikamoo mama. Useme tu reli imeleta neema na haijamuumiza mtu. Jiko linafunguliwa leo."

"Marahaba. Na shamba la Damiani?"

Tuta la reli lilikuwa limeziba mkondo, na mtama wa jirani yake huyo ulikuwa umesimama ndani ya maji.

"Hilo wamesema tuliache, mama."

"Basi na mimi mniache."

Alilitamani jiko lake, lakini hakurudi nyuma. Wale wa picha ya kwanza waliposikia wapinzani wao wako Manyoni, nao wakaja mbio. Yasinta akawasimamisha wote mbele yake, kamera kwa kamera.

"Nasema mara moja. Tembe nimebomoa mwenyewe. Reli imenipa kazi. Reli hiyohiyo imezamisha mtama wa Damiani. Atakayekata neno, mwenzake anayo yote, atamuumbua."

Hakuna aliyethubutu kukata. Jioni ile vituo vyote viwili vilimrusha mzimamzima, na Manyoni ikapiga vigelegele.

Asubuhi meneja alikuja mwenyewe kumrudisha jikoni.

"Nitakuja," Yasinta alimjibu, "katapila likishafika kwa Damiani."

Kabla ya adhuhuri katapila lilikuwa linachimba kuufungua mkondo.