Mikono ya Matanga

Miaka yote hiyo ya Brussels, Mauwa alikuwa amecheza vijakazi tu. Kijakazi wa kubeba sinia, kijakazi wa kufungua mlango, kijakazi wa kusema "ndiyo, madame" na kutoka. Basi Tshibangu, mzaliwa wa Lubumbashi kama yeye, alipompa nafasi ya mama katika mchezo wa karne ya kumi na tisa, alifurahi hadi akakosa usingizi.

Tshibangu alikuwa mwongozaji aliyesomea michezo ya zamani. Alitaka huu uigizwe vilevile kama enzi zile: mwigizaji asimame mbele kabisa, awakabili watazamaji, na kila hisia iwe na mkao wake uliochorwa kitabuni. Hasira ni ngumi kifuani. Woga ni kiganja mbele ya uso. Huzuni ya mama aliyefiwa ni mgongo wa mkono kwenye paji la uso, kisha kuangukia kiti taratibu. Taratibu! Mama gani huyo, anaambiwa mwanawe amekufa naye anatafuta kiti?

Mauwa alijitahidi. Lakini siku moja ya mazoezi, katika ukumbi wao wa Saint-Gilles, alipoambiwa "mwanao amekufa", mikono yote miwili ilimpanda kichwani yenyewe, na kilio cha matanga ya kwao kikamtoka. Tshibangu akapiga makofi kusimamisha kazi, akasema huo si mtindo, hayo ni mambo ya kijijini. Kesho yake nafasi ya mama ikaenda kwa Lucienne, binti wa Kibelgiji, na Mauwa akarudishiwa sinia. Ilimuuma, akameza.

Kilichomchemsha damu kilitokea wiki iliyofuata. Lucienne alikuwa akiangukia kiti vizuri kabisa, na hakuna aliyeguswa hata kidogo. Tshibangu akazunguka jukwaani, akakuna kidevu, akatangaza kwamba amepata wazo: Lucienne aweke mikono yote miwili kichwani. Wazo lake, jamani! Halafu, bila hata chembe ya haya, akamgeukia Mauwa na kumsemesha kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi, kilichochanganyika na Kifaransa.

"Maman Mauwa, umuonyeshe kidogo. Donc, vile ulifanyaka."

Mauwa akaweka sinia chini. Akaishika mikono ya Lucienne, iliyokwisha kuanza kupanda, akaishusha polepole, maana msichana hakuwa na kosa. Kwao mkao ule hauchezewi. Mtoto akijisahau akaweka mikono kichwani, anakemewa na kuulizwa amefiwa na nani. Na Tshibangu alilijua hilo vizuri, alikulia humohumo.

"Papa Tshibangu," alisema, "siku ya matanga ya mama yako, pale Schaerbeek, hapahapa Brussels, mikono yako ilikuwa wapi?"

Tshibangu akafungua kitabu chake cha michoro, akakifunga.

"Miye nilikuwa pale, nilikuona. Hakuna muntu alisema ni mambo ya kijijini."

Alichojibu Tshibangu alikisema akitazama sakafu: bon, kama hataki kufundisha, basi aende nyumbani, na sinia atapewa mwingine. Mauwa akavaa koti lake. Vifungo vikamshinda kwa hasira, akaviacha wazi.

Alipofika mlangoni alimsikia Tshibangu akimwamuru Lucienne apandishe mikono. Lucienne, ambaye hakuelewa neno la Kiswahili walichosemezana, akauliza kwa Kifaransa kama kuna mtu amekufa.