Nyasi Katika Picha ya Tisa

Nilipofika, barua ilikuwa imeshapigwa chapa. Ilibaki sahihi yangu tu.

Tulikuwa watatu kwa duka la kompyuta la Drusilla Kemuma pale Kapkatet: Drusilla mwenyewe, binti yangu Nelvine, na mimi. Nelvine ana mchumba Mmarekani anayeitwa Dale. Nyumbani tunasema Teli, naye huitika.

"Mama, ni rahisi," Drusilla akasema. Yeye ni Mkisii na huongea kama mtu aliyechelewa. "Kuna njia mbili za kumfuata Mmarekani. Ya mchumba na ya mke. Nelvine aliomba ya mchumba. Mchumba ni mtu ambaye bado. Sasa Dale ameandika kwa fomu, kwa furaha yake, kwamba Agosti kulikuwa na sherehe kwenu. Ubalozi unataka picha, na mzazi aandike kama ilikuwa uchumba ama ndoa. Wewe unasema uchumba. Wiki tatu zijazo anaenda kuhojiwa, imeisha."

"Na kama ilikuwa ndoa?"

"Basi anatoka kwa foleni hii, anaanza ile ya mke. Kutoka nyuma."

Nelvine alikuwa amengoja miezi kumi na minne. Aliangalia kiatu chake.

Niliomba kuona picha. Ilikuwa ni koito, ile siku wazee wa pande mbili wanakaa na kukubaliana juu ya ng'ombe. Upande wa Teli alikuwa Teli, pamoja na mwalimu mmoja wa Roret tuliyemwazima awe mjomba wake. Picha zilikuwa nzuri. Ya tisa ilimwonyesha Senge Priscah, shangazi ya marehemu mume wangu, akiwafunga Nelvine na Teli nyasi mkononi.

"Hiyo tutaitoa," Nelvine akasema.

"Kwa nini itoke?"

"Mama, ni nyasi tu. Dale aliona kwa simu yake watu wamefungwa, akauliza kama na yeye anaweza. Ilikuwa ya picha."

"Kama ni nyasi tu, iache."

Drusilla alipanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika.

Kwetu ng'ombe wanaweza kurudi. Nyasi ikishafungwa hairudi. Sikuweka sahihi. Nilisema nitaandika mwenyewe, nikaenda kwa Senge.

Nilimkuta akichambua maharagwe. Nilimuuliza, "Senge, ile siku ulikuwa unamwonyesha mgeni, ama ulikuwa unafunga?"

"Bot Nelvine," akaniita, yaani mama wa Nelvine, "nani alichuma ile nyasi?"

"Mimi."

"Ulichuma ya kuonyesha?"

Nilisema sikuuliza. Aliniambia nichume nyasi, nikashuka kule chini karibu na chemchemi nikachuma.

"Nina miaka themanini na mbili," akasema. "Mchezo nimeujulia wapi? Ng'ombe walikuwa wamekubaliwa. Kijana aliomba mwenyewe. Na kesho yake alikuwa anapanda ndege. Ulitaka nimfuate huko na nyasi?"

Nilimuuliza kama alisema yale maneno ya kufungia ndoa.

"Yote. Wewe ulikuwa umesimama hapo na birika."

Ni kweli nilikuwa nimesimama hapo. Niliyasikia, nikanyamaza, kwa sababu wageni walikuwa wanangoja chai. Pasta nilimwambia arusi itakuwa baadaye. Ya nyasi sikumwambia.

Siku mbili sikuandika kitu. Mume wangu alipokufa nilibaki na Nelvine, ng'ombe mmoja na ekari moja ya majani chai. Nelvine akikosa kwenda, ni mimi nitapata mtu wa kuchuma naye. Kwa hivyo nilimwomba Mungu anionyeshe kama ninapenda ukweli ama ninapenda mtu wa kushika kikapu cha pili. Hakunionyesha. Mwishowe niliona ni vyote viwili, na ukweli hauwi uongo kwa sababu umenifaa.

Niliandika kwa mkono: *Mimi ni mama yake. Tarehe kumi na tisa Agosti walifungwa nyasi mbele ya wazee, na maneno yakasemwa. Kwetu hiyo ni ndoa. Nyasi nilichuma mimi.*

Nelvine aliisoma akiwa amesimama mlangoni.

"Mama, umenikalisha hapa."

"Ndiyo."

"Ungeandika mstari mmoja tu."

"Na wewe ungeapa kwa huo mstari, kwa nchi ya watu, ukiwa mke wa mtu."

Alimpigia Teli hapo hapo. Aliongea kwa muda mrefu, kisha akasikiliza.

"Anasema nini?"

"Anauliza kama amekuwa na mke tangu Agosti."

"Mwambie ndiyo."

"Anauliza mbona hakuna mtu alimwambia."

"Mwambie tulidhani anajua. Si ni yeye aliomba?"

Nelvine alimwambia. Nikasikia Teli akicheka, halafu akaacha, halafu akauliza kitu kwa sauti ya chini. Nelvine alinipa mgongo akajibu. Hilo hakunitafsiria.

Wiki nzima tulichuma chai mistari miwili tofauti. Jumatatu iliyofuata aliingia mstari wangu.

"Ile nyasi iko upande gani?"

Nilimpeleka chemchemi. Aliipiga picha, akaniuliza jina lake, akaliandika kwa simu: segutiet.

Teli alirudi Aprili. Walienda kwa msajili wa ndoa pamoja na wazee wawili na Senge, aliyevaa kofia ya kanisa. Msajili aliuliza walioana lini. Teli alitaja tarehe kumi na tisa Agosti kwa Kiswahili, bila kumwangalia mtu. Cheti kikatoka na tarehe hiyo.

Sasa Nelvine yuko kwa foleni ya mke. Drusilla anasema hiyo ni ndefu, lakini ukifika umefika. Faili lilianzwa upya, na picha zikapangwa tena. Ya tisa Nelvine ameiweka ya kwanza.