Nyigu wa Dirisha la Cherehani

Kabla ya nyigu, nilikuwa nimeshapiga picha kila kiumbe chenye miguu mingi kilichothubutu kukaa nyumbani kwetu, mjini Phaltan, India. Baba ni fundi saa. Nilipotimiza miaka kumi alinipa ile lenzi ya zamani aliyokuwa akiibana jichoni, nami nikaifunga kwa mpira mbele ya kamera ya simu yake. Buibui wa bafuni akawa na macho manane, yote yananitazama mimi. Vidole vya mjusi vikawa na mistari kama soli ya kiatu. Sisimizi wa kwenye mti wa majani ya mchuzi walikuwa wanakamua vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, naapa, kama watu wanavyokamua ng'ombe.

Lenzi hiyo haitaki mchezo. Lazima umsogelee mdudu karibu kabisa, ubane pumzi, na ukitikisika kidogo tu picha inakuwa uji. Niligongwa kichwa na milango mara nyingi nikiwa nimechuchumaa.

"Ukimaliza wa humu ndani utahamia kwa majirani?" Mama aliniuliza siku moja.

"Kwa majirani nimeshamaliza," nikamjibu, na ilikuwa kweli.

Mwezi wa Chaitra ulipoingia, joto likishika kasi, nyigu mfinyanzi akaanza kujenga chungu cha udongo kwenye dirisha la chumba cha kushonea, upande wa ndani wa kioo, juu kidogo ya cherehani ya Mama. Mtu mwingine angemfagia. Mama alihamisha cherehani.

Kwetu hadithi ya nyigu huyo kila mtu anaijua. Nyigu mfinyanzi hana watoto. Huchukua kiwavi wa watu, akamfungia ndani ya chungu, kisha akakaa nje akimwimbia zzz, zzz, na kiwavi kwa kumsikiliza na kumuwaza yeye tu, siku moja anatoka akiwa nyigu. Wengine waliisikia hekaluni, wengine kwa bibi zao. Mimi niliisikia kama habari zangu mwenyewe. Nililetwa nyumba hii nikiwa na miaka mitatu kutoka kituo cha kulelea watoto mjini Pune, na Mama hakunificha hata siku moja. "Nilikubeba kama nyigu anavyombeba kiwavi," alikuwa akiniambia huku ananichana nywele. "Nikakuimbia, nikakuimbia, mpaka ukawa wangu."

Hadithi nzuri, ila shangazi Vimal naye aliijua. Shangazi ni dada yake Baba, na blauzi zake zote alishonewa bure na Mama. Akija kupimwa hunishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga.

"Pua si ya kwetu," anamwambia Mama. "Rangi si ya kwetu. Sulabha, kiwavi wako huyu bado tu hajawa nyigu? Au ulimwimbia wimbo wa redioni?"

Anacheka. Mkasi wa Mama unasimama kidogo, halafu unaendelea. Nilimchukia shangazi kwa kicheko kile, na nilimchukia zaidi kwa sababu usiku nilikuwa najitazama pua kwenye kioo.

Sasa nyigu alikuwa amekuja mwenyewe nyumbani, na mimi nina lenzi. Nikaamua nitampiga kiwavi picha hatua kwa hatua mpaka awe nyigu, kisha nimtandikie shangazi ushahidi mezani. Tuone kama atanishika kidevu tena.

Bahati yangu ilikuwa kile kioo. Chungu kilikuwa na udongo pande zote isipokuwa upande ulioegemea dirisha, kwa hiyo Mama aliyekuwa ndani aliona donge tu, lakini mimi nikipanda juu ya pipa la maji uani, nilimuona nyigu mpaka chumbani kwake. Picha ya kwanza: chungu kitupu, na kitu cheupe, kidogo kuliko punje ya mchele, kinaning'inia kwa uzi kutoka dari la chungu. Nikadhani ni taka. Kisha nyigu akaleta viwavi, wa kijani, mmoja mmoja, akiwasukumiza mlangoni kama mtu anayejaza begi. Niliwahesabu saba. Hawakufa, lakini walijikunja polepole kama walevi. Akaziba mlango kwa udongo, akaondoka.

Nikangoja aje kuimba.

Siku ya tatu kile cheupe hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na buu mdogo wa njano, kichwa chini, mdomo umezama kwenye mgongo wa kiwavi wa kwanza. Nilifikiri ni ugonjwa. Siku ya tano viwavi walikuwa wanne. Siku ya saba alibaki mmoja na ngozi yake, na yule buu alikuwa amenona, anang'aa.

Nikashuka kwenye pipa nikakaa chini. Ile haikuwa taka, ilikuwa yai. Nyigu alikuwa na mtoto wake tangu mwanzo, na viwavi walikuwa chakula. Nililia kwa kwikwi, nikijifuta kwa pindo la sare ya shule. Nilikuwa nimeutafuta mwenyewe ushahidi huu, kwa bidii, na ulikuwa unamuunga mkono shangazi Vimal.

"Vipi, ameota mbawa?" Mama akaniuliza jioni ile, akikata uzi kwa meno.

"Bado."

"Usinionyeshe, nataka nione picha zote kwa pamoja."

Aibu yangu ni kwamba sikuweza kuacha. Ningeweza kumrudishia Baba simu nikasema lenzi imevunjika. Lakini kila asubuhi miguu ilinipeleka kwenye pipa, kwa sababu buu alijisokotea hariri, akawa mweupe kama nta, na siku moja ndani ya weupe ule nikaona macho. Nani angeacha hapo?

Mama alikuwa ameshawaambia wateja wote habari za nyigu na picha zangu. Na Chaitra, kama ujuavyo, wanawake hualikana nyumbani kupakana manjano na unga mwekundu kwenye paji la uso, wakanywa maji ya embe bichi. Zamu yetu ilipofika, sebule ilijaa wanawake kumi na wawili, na asubuhi hiyohiyo nyigu mpya alikuwa ametoboa chungu na kutoka. Nilimpata kwa picha, kichwa nje, mabawa bado yamekunjamana.

"Ketaki," Mama akaita. "Leta simu."

"Imeisha chaji."

"Hii hapa, ina nusu," akasema shangazi Vimal, ambaye alikuwa ameshaichukua juu ya kabati. "Haya, tuoneni miujiza."

Mama akafuta mikono, akaanza kufungua picha moja moja, wanawake wamemwinamia mabegani. Nilisimama mlangoni nikitamani sakafu inimeze. Alipofika kwa buu wa njano alirudi nyuma picha mbili, akaenda mbele tena.

"Huyu ni nani?"

"Mtoto wake," nikasema. "Wa kumzaa. Alitaga yai kabla hajaleta viwavi."

"Na viwavi?"

"Huyo mtoto aliwala. Hakuna aliyegeuka, Mama. Hata mmoja."

Shangazi akaweka glasi chini. "Mimi nilisema zamani," akasema, tena kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma. "Cha mtu kitabaki cha mtu. Hata mdudu anajua wa tumboni mwake."

Uso wa Mama ulikuwa na sura ambayo sikuwa nimeiona, kama anajaribu kutunga uzi kwenye sindano. Akapitisha picha moja, nyingine, mpaka ile ya mwisho.

"Huyu anatoka leo?"

"Leo asubuhi."

"Na mama yake alikuwa wapi?"

"Sijui."

"Hukumpiga picha? Alikuwa amekaa nje akimngojea, hukumpiga?"

"Hakuwepo. Alipoziba mlango aliondoka. Nimekaa juu ya pipa siku ishirini na sita kungoja arudi kuimba, Mama. Hakurudi."

"Hata siku moja? Hata kuchungulia?"

"Hata siku moja."

Mama akaizima simu, akanipa. Akakichukua kibakuli cha unga mwekundu mbele ya shangazi Vimal, aliyekuwa ameshainua uso apakwe, akampita, akaja mpaka mlangoni nilipokuwa nimesimama.

"Miaka yote hii najifananisha na mdudu asiyejua hata sura ya mwanawe," akasema, huku kidole chake kinanipaka katikati ya paji. "Wifi, njoo umshike kidevu sasa. Mimi pua hii naijua hata gizani."

Shangazi hakuinuka.