Maskini Mmoja wa Purimu

Kanisa letu pale Jorodom, mtaa wa Katesh chini ya Mlima Hanang, lilipoamua kufuata sikukuu za Wayahudi, nilisema sawa, maana kwenye sikukuu kuna nyama. Sikujua kuna na wanasheria.

Purimu ni sikukuu ya Malkia Esta. Siku hiyo ni lazima maskini apewe chakula kabla jua halijazama, na maskini wetu tulikuwa naye tayari: Bibi Letisia. Tope la mlima lilimfukia shamba na zizi, na wajukuu wawili anawalea kwa vibarua. Wiki nzima Mzee Baltazar, kiongozi wetu, alimwambia aandae sufuria. Bibi akawaahidi watoto nyama.

Siku ikafika, beberu akachinjwa. Nyama iko jikoni, Basili katibu akasimama na simu yake. "Shikamoo mzee, lakini leo siyo. Sheria inasema mji wenye ukuta wa tangu enzi za Yoshua unasherehekea kesho. Na mtaa ulio jirani na ukuta unafuata mji."

"Katesh ina ukuta gani wewe?"

"Mlima Hanang. Kwani aliujenga nani, halmashauri?"

Jamani! Watu wazima wakabishana mpaka mate yakaruka. Bibi Letisia, sufuria mapajani, akauliza taratibu, "Ni ukuta huu ulioingia kwangu ukabeba ng'ombe?"

"Mama, usichanganye mambo," Basili akamjibu. Nilitamani kumzaba kofi.

Bibi akarudi nyumbani mikono mitupu. Wakubwa wakabaki wanaionja nyama, eti isiharibike. Basili, ambaye sikukuu yake ilikuwa kesho, ndiye aliyeonja zaidi.

Kesho yake Bibi alirudi. Baltazar akasema Purimu ilikuwa jana. Basili akasema ni leo, ila nyama iliisha jana. Bibi akaondoka bila kuaga, na mimi nikalia kwa hasira.

Jioni ndipo walipokumbuka: maskini asipopokea, Purimu haihesabiki, iwe ya jana au ya leo. Loo, mbio! Wakakwangua supu iliyobaki, bakuli moja lenye mfupa mmoja, wanaume wawili, na mimi nyuma yao nisikose sinema.

Bibi Letisia alikuwa anawapakulia wajukuu mihogo na maharage. Yasmini wa dukani, aliyekuwa anapika futari, alimpelekea mapema.

"Shikamoo mama, tumekuletea zawadi," Basili akasema.

"Marahaba. Asanteni, tumeshiba. Tafuteni maskini mwingine."

"Mama, jua linazama!"

"Naliona."

Wakagonga nyumba hadi nyumba. Kila mlango wanajibiwa humu hakuna maskini, jaribuni kwa jirani. Nani akubali cheo hicho kwa mfupa mmoja? Mwisho Baltazar akanigeukia mimi, bakuli kalishika kwa mikono miwili, ananibembeleza: "Violeth, mwanangu, si wewe huna kazi?"

"Mimi, mzee, ni maskini wa kesho," nikamwambia, nikaenda zangu.